Risala ya Maradhi ya Sukari, katika Adabu ya Mgonjwa na Tabibu na Hukumu ya Saumu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa maradhi na Muumba wa dawa, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada. Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa maradhi ya sukari huua watu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni maradhi yenyewe, na hayo yana dawa. Njia ya pili ni kimya kilicho baina ya mgonjwa na tabibu wake. Tabibu haulizi khabari za saumu kwa kuwa hazijui, na mgonjwa hazisemi kwa kuwa aona haya, au akhofu asije akaambiwa aache dini yake. Basi tabibu huandika dawa ya mtu alaye mchana, na mgonjwa huimeza wakati wa daku kisha akashinda na njaa. Ikifika alasiri huanguka. Makusudio ya risala hii ni kubainisha ya kuwa kuuliza na kujibu katika jambo hili ni katika dini, na ya kuwa anyamazaye, akiwa tabibu au mgonjwa, ameiweka roho ya mtu katika hatari.

KHABARI YA TABORA NA NJIA YA MISAFARA

Watu wa pwani, toka Lamu na Mombasa hatta Unguja na Bagamoyo, wana jamaa zao Unyanyembe. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, na toka huko ikashika kwenda Ujiji katika ziwa la Tanganyika. Waarabu na Waswahili walifanya makao yao Kaze, pale palipo Tabora ya leo, na Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliwakuta wamekwisha jenga. Walipanda mpunga na miembe, wakasomesha Kurani, na uzao wao uko hatta leo pamoja na Wanyamwezi na Wamanyema waliosilimu.

Katika zama zile mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili, akaenda kwa miguu miezi miwili au mitatu toka pwani hatta Tabora. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Leo mjukuu wa mpagazi yule hukaa dukani mchana kutwa, hunywa chai ya sukari nyingi, na safari yake huifanya kwa gari. Mwili uliozoea kazi umepewa raha, na chakula hakikupunguzwa. Hesabu iliyofanywa Tanzania mwaka 2012 ilionyesha ya kuwa watu kadiri ya 9 katika kila 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, walikuwa na maradhi haya, na wengi katika hao hawakuwa na khabari nayo.

Na Tabora ni mji wa dini nyingi na makabila mengi. Tabibu wa zahanati au wa hospitali huenda akawa ametoka Bukoba au Kilimanjaro, mtu mwema mwenye elimu, walakini hajui daku ni saa ngapi wala futari ina nini ndani yake. Hali hii si ya Tabora peke yake. Katika mji wa London, ambako Waislamu ni wachache kati ya wengi, matabibu waliwachukua wagonjwa Waislamu 111 waliotaka kufunga. Wagonjwa 57 walifundishwa kabla ya Ramadhani khabari za chakula, dawa na vipimo. Na 54 hawakufundishwa. Khabari yao ilitolewa mwaka 2010: waliofundishwa, idadi ya kushukiwa na sukari ilitoka 9 ikawa 5, na wasiofundishwa ilitoka 9 ikawa 36. Saumu ni ile ile na maradhi ni yale yale. Kilichowatenga ni mazungumzo yaliyofanywa mapema.

MAS'ALA YA KWANZA: MARADHI YENYEWE

Ndani ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, na kazi yake moja ni kutoa insulini, ambayo ndiyo ifunguayo mlango wa sukari kuingia katika nyama za mwili. Insulini ikikosekana, au mwili usipoisikia, sukari hubaki katika damu, ikatoka kwa mkojo. Matabibu wa Kiislamu wa zamani waliyajua maradhi haya. Abdul Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 629 wa Hijra, aliyaandikia risala mahsusi.

Nayo ni namna mbili zilizo mashuhuri. Ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana, na mwenye namna hii hana insulini kabisa, akiikosa hufa. Ya pili huwapata zaidi watu wazima, na dawa zake ni chakula cha kiasi, kazi ya mwili, vidonge, na pengine insulini vile vile.

Dalili zake ni kiu nyingi, mkojo mwingi, kukonda, na uchovu. Mzazi akiziona kwa mtoto asiseme ni jini, wala ni jicho la hasidi, akakaa naye nyumbani siku saba akizunguka kwa waganga. Ampeleke akapimwe damu siku ile ile. Kumsomea Kurani ni jambo jema, na asomewe njiani akipelekwa hospitali.

MAS'ALA YA PILI: TABIBU AULIZE NINI, NA MGONJWA AJIBU NINI

Imepokewa katika hadithi ya Jabir ya kuwa sahaba mmoja alipigwa jiwe safarini likampasua kichwa, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenziwe kama ana rukhsa ya kutayamamu, wakamjibu ya kuwa hawamwonei rukhsa na maji anayo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu kwa ukali, akawahesabu kuwa ndio waliomwua, na akabainisha ya kuwa ponyo la asiyejua ni kuuliza.

Basi na azingatie kila amwambiaye mgonjwa wa sukari ya kuwa kula mchana wa Ramadhani ni udhaifu wa imani. Wale wa safari ile walikuwa wema kuliko watu wa leo, na nia yao ilikuwa kuilinda ibada. Na pamoja na hayo walilaumiwa lawama ile.

Tabibu ampokee mgonjwa kwa salamu na heshima ya umri wake, na amwulize: Je, mzee, wakusudia kufunga? Mwaka jana ulifunga, na hali ilikuwaje? Wafuturu kwa nini, na daku wala saa ngapi? Nani apikaye nyumbani? Mchana wafanya kazi gani? Una dawa nyingine utumiayo, kombe, mitishamba, habasoda au asali? Aulize bila ya kucheka na bila ya kukemea, kwani mtu akichekwa mara moja hafumbui kinywa mara ya pili. Na kama ni mzee wa Kinyamwezi asiyejua Kiswahili vizuri, atafutwe mtu wa kumfasiria aliye mwaminifu, asiwe mtoto wa kumwonea babu yake haya.

Wala tabibu asidhani ya kuwa mgonjwa hafungi kwa kuwa hakusema. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, kwa wagonjwa Waislamu 12,243, ulionyesha ya kuwa karibu 8 katika kila 10 wenye namna ya pili walifunga siku 15 au zaidi; na hatta wenye namna ya kwanza, walifunga 43 katika kila 100.

Na mgonjwa aende kwa tabibu katika mwezi wa Rajabu, asingoje mwezi uandame. Wiki sita au nane kabla ya Ramadhani zatosha kubadili dawa na kuijaribu, kwani ziko dawa zishushazo sukari kwa nguvu, kama glibenklamaidi na insulini, na saa zake na kadiri yake hazina budi kugeuzwa kwa mwenye kufunga. Asizigeuze kwa shauri lake mwenyewe.

Na mwanamume mwenye mke mgonjwa ajue ya kuwa kumzuia asiende kupimwa si ghera. Akipatikana tabibu mwanamke ndiye bora. Asipopatikana, haja imeruhusu mwanamume amtibu kwa mipaka ya haja, pamoja na mumewe au maharimu yake.

MAS'ALA YA TATU: TABIBU ASIYEKUWA MWISLAMU

Asili katika vitabu vya madhehebu ni kufuata neno la tabibu mwadilifu. Na mafakihi wa baadaye wameeleza ya kuwa tabibu asiyekuwa hivyo, hatta asiyekuwa Mwislamu, mgonjwa akiwa na itikadi katika moyo wake ya kuwa asema kweli, yafaa kuitumia kauli yake. Na Mtume (s.a.w.) katika Hijra alimkodi Abdullah bin Urayqit awe kiongozi wa njia, naye hakuwa Mwislamu wakati ule, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu.

Na watu wa misafara walilijua jambo hili kwa vitendo. Kirangozi aliyetangulia mbele na ngoma mara nyingi alikuwa Mnyamwezi asiyekuwa wa dini yao. Walimfuata katika njia na maji, wala hawakumfuata katika sala. Vivyo hivyo tabibu: yeye asema kama saumu itadhuru, na mwanachuoni asema hukumu ya mwenye kudhuriwa. Tabibu asitoe fatwa, wala shekhe asiandike dawa.

MAS'ALA YA NNE: HUKUMU YA SAUMU

Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa rukhsa katika Suratul Bakara, na akabainisha ya kuwa awatakia waja wake wepesi. Wagonjwa wa sukari katika jambo hili ni mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yule ambaye saumu yamkhofisha kufa, au kupoteza kiungo, au kuzidi maradhi kwa madhara ya dhahiri. Huyu akikhofu mauti, kula kwake ni wajibu, na akifunga amefanya dhambi. Katika fungu hili wako wengi wenye namna ya kwanza ambao sukari yao haitulii, na aliyezimia kwa kushukiwa na sukari siku za karibu, na mwenye figo zilizoharibika sana, na mjamzito atumiaye insulini. Baraza la Fikihi la Kiislamu la Kimataifa, lilipokutana Sharjah mwaka 2009, liliwapanga wagonjwa hawa daraja nne kwa kauli ya matabibu, na wenye daraja mbili za hatari kubwa likasema wasifunge.

Fungu la pili ni yule ambaye maradhi yake yametulia, na tabibu amesema saumu haimdhuru. Huyu ni kama mzima. Saumu ni faradhi juu yake, wala jina la maradhi peke yake halimpi rukhsa.

Fungu la tatu ni yule ambaye hali yake huja na kuondoka. Wamesema mafakihi wa Kishafii katika mwenye homa ya vipindi: ikiwa homa iko wakati wa kutia nia, ana rukhsa ya kuiacha nia, na ikiwa haiko, sharti atie nia usiku, kisha ikimrudia mchana akahitaji kula, atakula. Na mgonjwa wa sukari apimwe kwa mfano huu. Atie nia, na awe na kipimo chake. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au ikipanda juu ya milimoli 16.6, au akisikia kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio na akili kuchanganyika, na afungue papo hapo, hatta kama adhana ya magharibi imebakia nusu saa. Nusu saa hiyo haimwongezei thawabu, na yaweza kumwondolea roho.

Ama kulipa: mwenye kutaraji kupona au kupata nafuu atalipa kadha. Na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona, ambaye hawezi saumu siku zote, hana kadha. Atatoa fidya, kibaba kimoja kwa kila siku, cha nafaka iliwayo zaidi katika mji, apewe fakiri au maskini. Wala haitolewi kabla Ramadhani haijaingia. Na katika nchi ya Tabora mchana haupungui wala hauzidi sana mwaka mzima. Basi asiyeweza saumu kwa urefu wa njaa asijidanganye ya kuwa atapata siku fupi mbele. Amwulize tabibu wake, ajue kama yeye ni wa kadha au wa fidya.

MAS'ALA YA TANO: SINDANO, DAMU NA INSULINI

Kinachofunguza katika madhehebu ni kitu chenye dhati kuingia ndani kwa njia iliyo wazi, kama kinywa na pua. Sindano ya insulini huingia chini ya ngozi, na hapo si njia ya wazi, basi haifunguzi. Na kutoboa kidole kupima damu hakufunguzi, kwani hatta kuumika hakufunguzi kwa Imamu Shafii. Baraza lile lile la Fikihi, katika mkutano wa Jeddah wa mwaka 1997, lilipitisha ya kuwa sindano za ngozi, za nyama na za mshipa zisizokuwa za chakula, na kutolewa damu ya kupima, hazifunguzi. Basi aachaye kujipima mchana kwa kukhofu saumu ameacha ngao yake bila ya sababu.

Wengine wamesikia ya kuwa insulini hutoka kwa nguruwe. Asili ya khabari ni hii: insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na mwezi wa Januari 1922 ikampa uhai kijana wa miaka 14; na zama zile ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Tangu mwaka 1982 imeruhusiwa insulini iliyo mfano wa ile ya mwanadamu, ifanywayo kwa vijidudu, nayo ndiyo iliyoenea leo. Na lau isingepatikana illa ile ya zamani, madhehebu yameruhusu dawa yenye najisi ikiwa hakuna iliyo tahiri ya kushika mahali pake.

Na insulini huharibika kwa joto. Asiye na friji aiweke katika mfuko usioingia maji, ndani ya mtungi mdogo wa udongo uliotiwa ndani ya mtungi mkubwa, na baina yao mchanga uliorowana, pahali pa kivuli.

MAS'ALA YA SITA: ASALI YA TABORA

Asali ya misitu ya Unyamwezi ni mashuhuri, na Mwenyezi Mungu amebainisha katika Suratun Nahl ya kuwa katika kinywaji cha nyuki mna ponyo kwa watu. Kwa sababu hii wako watu wa Tabora wenye sukari wanywao asali kikombe kizima, wakiacha vidonge, wakidhani ya kuwa kukataa ni kuikanusha aya.

Jawabu ni hili. Ibn Kathir amenakili katika tafsiri yake ya kuwa neno ponyo katika aya limekuja bila ya alama ya kuenea, na lau lingekuja nayo lingekuwa ponyo la kila ugonjwa. Basi asali ni ponyo la baadhi ya maradhi kwa baadhi ya watu. Na asali nyingi yake ni sukari. Humpandisha mgonjwa kama impandishavyo sukari ya duka.

Walakini tazama hekima. Mgonjwa yule yule, mchana sukari yake ikishuka akaanza kutetemeka, vijiko vidogo vitatu au vinne vya asali katika maji ndiyo dawa yake, kisha apime baada ya dakika 15. Kitu kimoja kilikuwa madhara usiku kikawa uhai mchana, kwa kuwa kimetumika mahali pake. Na akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani asije akapaliwa. Achukuliwe hospitali kwa haraka.

MAS'ALA YA SABA: CHAKULA NA KARAMU

Tabibu amwambiaye mgonjwa asile wali, wala ugali, wala tende, amemwambia asiloliweza, naye ataitikia kwa kichwa kisha aende zake akale. Ampangie katika kile kilicho katika sinia lake. Afuturu kwa tende moja au mbili na maji. Uji usitiwe sukari. Wali, ugali, viazi vya nazi na michembe vyote ni jamii moja. Achague kimoja, kiwe robo ya sahani. Nusu ya sahani iwe mlenda, matembele, kisamvu au mchicha, na robo iliyobaki iwe maharage, dagaa au migebuka ya Ujiji. Daku asiiache, na aichelewe, kwani kuchelewa kwake ni suna na ndiko kumshikako mchana.

Na mwenye nyumba asimlazimishe mgeni halua kwa kumwapia. Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia chakula ila, alichokipenda alikila, na asichokipenda alikiacha. Basi mgeni aliyeacha hakutukana nyumba ya mtu.

MAS'ALA YA NANE: MIGUU NA UDHU

Maradhi haya yakikaa huleta ganzi ya miguu, mtu akachomwa na mwiba asiusikie, jeraha likaoza, mguu ukakatwa. Mwislamu huosha miguu yake mara tano. Basi na aitazame katika kila udhu, apitishe vidole kati ya vidole, kisha akaushe kwa kitambaa, kwani rutuba ikaayo hapo huzaa madonda. Asitie miguu katika maji ya moto kabla hajayajaribu kwa kiwiko cha mkono, wala asitembee pekupeku uani mwa msikiti wakati jua limewaka, na avitazame viatu ndani kabla ya kuvivaa.

Na mwenye jeraha lililofungwa, aoshe palipo pazima, apake maji juu ya kitambaa chote, na atayamamu kwa ajili ya pale pasipofikiwa na maji. Kitambaa kifungwe hali ana tahara, wala kisizidi kadiri ya haja. Asikibandue kwa kulidhuru jeraha akidhani ya kuwa ndiyo ucha Mungu.

KHATIMA

Na ikadiriwe mtu, jina lake Zaid, muuza asali wa Tabora, mwenye umri wa miaka sitini, atumiaye insulini. Ramadhani imeingia, hakumwambia tabibu kuwa afunga, na jamaa zake wamsifu kwa subira yake. Je, akianguka dukani kabla ya alasiri, lawama ni ya nani? Ni yake yeye kwa kuficha, na ya tabibu kwa kutouliza, na ya jamaa kwa kusifu wasilolijua. Na dawa ya wote watatu ilikuwa moja, nayo ni neno lililosemwa kwa adabu katika mwezi wa Rajabu.

Basi aliye na mzazi, au ndugu, au jirani mwenye maradhi haya, Tabora au pwani, na amfikishie haya kabla mwezi haujaandama. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Kiislamu, awape matabibu huruma na ujuzi, na azikubali saumu za waliofunga na fidya za waliopewa udhuru. Amin.